Seva Iliyofunikwa Kitambaa

Nilifanya kazi ya nyaya za simu mpaka nikastaafu, na siku moja nikiwa juu ya mlingoti hapa Kanyakine nilisikia maneno ya London yakipita kwenye waya kwenda Nairobi. Nikayakinga kwa kofia. Yalikuwa mazito, nikayamwaga shambani, na msimu ule tukavuna viazi visivyojua Kimeru. Hiyo nimeisimulia mara nyingi, kwenye harusi na kwenye matanga, na hakuna aliyenipeleka kortini. Watu hunipisha kiti wakijua Mzee Kaberia atawadanganya vizuri.

Hii ya leo haina viazi. Inahusu kompyuta moja iliyokaa chumba cha kulala, na binti yangu Kendi, na kiti nilichokitaka katika nyumba yake nikakikosa.

Regina wangu alipofariki, nyumba ya Kanyakine ilibaki na sauti ya friji peke yake. Kendi ndiye mtoto tuliyejaliwa, na alikuwa ameolewa Karurumo, upande wa Embu, kwa kijana anayeitwa Mwaniki. Wote wawili ni watu wa kompyuta. Kila Jumapili alinipigia simu. "Baba, umekula?" Nimekula. "Ng'ombe?" Yupo. Halafu kimya, kila mmoja anasikiliza pumzi ya mwenzake na salio linateketea. Kwa hivyo nikajifundisha kompyuta. Si kwa kupenda elimu. Nilitaka tuwe na la kusema baada ya ng'ombe.

Nilijifundisha kwa laptopu yake kuukuu na video za vijana wa ng'ambo wanaoongea haraka kama makanga wa matatu. Nikaharibu, nikatengeneza, nikaharibu tena. Siku moja Kendi akapiga, nikamwambia nimefuta Windows nikaweka Linux. Akacheka, kile kicheko cha mama yake kinachoanzia puani. Tukazungumza mpaka simu ikapata moto sikioni.

Basi mwaka jana wakaanza biashara yao, na Kendi akaniita. "Baba, njoo utusaidie kuandaa mazingira. Sisi tuna kazi za watu mchana, hatupati wakati."

Nilifunga begi kama mtu anayehama. Nilibeba hata sufuria yangu.

Acha nieleze biashara yenyewe, maana hapo ndipo mambo yalipo. Ushirika mmoja wa wakulima wa ndengu kule Kiritiri una maghala, na kila ghala lina kompyuta ya kupokea mizani na kuweka hesabu za mazao. Hizo ndizo seva. Zikizimika, wakulima hukaa juani na magunia yao mpaka fundi atoke mjini. Kendi na mumewe walikuwa wanatengeneza programu ndogo, wanaiita wakala. Unaiweka ndani ya seva iliyo mbali, inakaa humo, na kila dakika inakuletea habari: niko, sina shida, au, nimejaa, nifanyie nafasi. Nawe ukiiambia anzisha mashine upya, inaanzisha. Ni kama mtoto uliyemtuma mbali, isipokuwa huyu anapiga simu bila kukumbushwa.

Lakini wakala huwezi kumtengenezea ndani ya seva ya watu. Atakosea, ataangusha, na lawama zitakuwa zako. Unahitaji uwanja wako wa majaribio: mashine za kuvunja. Kwa hiyo tulinunua kompyuta tatu zilizotupwa na ofisi moja. Mbili tukaziita watoto, zikae sebuleni, ndizo za kuwekewa wakala na kuteswa. Ya tatu, yenye nguvu, tukaiita mama. Wakala wote wangeripoti kwake, naye mwenyewe alikuwa na wakala wake wa kumpima afya.

"Mama tumweke wapi?" nikauliza.

"Chumbani kwetu," Mwaniki akasema. "Huko ndiko kuna soketi yenye kilinda stima. Na sebuleni watu wanaingia wanatoka."

Nikamtazama. Kwetu Meru na kwao Embu, tunabishana juu ya mambo mengi, ikiwemo nani anajua kutafuna nini, miraa yetu au muguka wao, lakini moja hatubishani: mzazi haingii chumba cha kulala cha mtoto wake aliye na ndoa. Na wa mwisho kabisa kuingia ni baba wa mke. Hata kama nyumba inaungua, atasimama nje aite majirani. Sasa ndiye huyo fundi wa mashine, na mashine inapelekwa huko.

"Tuilete hapa tu, mkwe," nikamwambia. "Nitailinda mimi, silali sana."

"Huko kuko sawa, mzee."

Mama yake, Ruguru, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Anaishi hatua chache kutoka hapo, ni mzee wa kanisa, na amehubiri dhidi ya mila mpaka sauti ikakauka. Mila zote ni za giza, isipokuwa hii. "Waache vijana wapange nyumba yao, Baba Kendi," akasema. "Wewe utaongea nayo kwa waya."

Na ndivyo nilivyoandaa seva ambayo sijaiona. Nilipitisha waya chini ya mlango wa chumba, kwa hiyo mlango ukawa haufungiki, likabaki pazia tu. Mimi sebuleni na laptopu, Kendi ndani.

"Kendi! Umechomeka?"

"Nimechomeka, baba."

"Taa imewaka?"

"Ya kijani au ya machungwa?"

"Kwani ziko ngapi? Mimi huku nimeoa sauti tu!"

Nilikuwa kama mzee anayepeleka posa ya mtu mwingine: unaujua ukoo wa bibi harusi, tabia yake na kasoro zake, lakini sura si kazi yako. Mfumo ukaingia. Msimbo wa wakala ukashuka kutoka intaneti, ukadai vitu vingine, vitu hivyo vikadai vyao, kama wageni wa Krismasi, kila mmoja na shangazi yake. Mwishowe tukawasha. Watoto wakakataa kuongea na mama. Hawamwamini, ati cheti chake si halali. Tukahangaika siku nzima. Kumbe ile mashine ya chumbani saa yake ilikuwa imekufa, ikiamini bado tuko enzi za simu za vitufe, na cheti ilichojitengenezea leo, watoto walikiona kimeisha muda zamani.

"Kuna betri ndogo ndani, kama kifungo cha koti!" nikaita. "Ing'oe!"

"Iko wapi?"

"Karibu na… mkono wa kushoto… ukiangalia kutoka… ah!"

"Mzee, si ungekuja tu uone," akasema Mwaniki kutoka huko ndani. Halafu akayasikia maneno yake mwenyewe. Huko nje Ruguru akaacha kuchambua.

"Natania," akasema.

"Najua, mkwe."

Betri nyingine ilitoka kwenye saa yangu kubwa ya mkononi. Jioni ile watoto wakamwamini mama, mistari ikaanza kushuka kwenye laptopu yangu: niko, niko, niko. Kendi alitoka chumbani akanigonga bega kama tulivyozoea akiwa shuleni. Tukala githeri kwenye sahani moja. Kama ningekufa usiku ule, ningekuwa maiti anayetabasamu.

Nilikaa. Sikusema naondoka lini, nao hawakuuliza. Kendi alinipa kipande changu cha kazi: wakala awe anapima pia joto la mashine na kupiga kelele likizidi. Najua kwa nini alinipa hicho. Ni vile mtoto hupewa kidonge cha unga mama akisukuma chapati, asilie. Sikujali. Nilikisukuma kidonge changu mpaka kikawa duara.

Siku ya kwenda kuwaonyesha wazee wa ushirika ilipofika, mimi niliuliza swali moja. "Na mama ni yule yule wa chumbani?"

"Ni ya siku moja tu, mzee," Mwaniki akasema. "Wakitukubali tutakodisha seva ya maana."

Kila mtu wa kazi hii ameshasema maneno hayo, na kila aliyeyasema amejuta. Walikuwa wamekwenda wiki iliyopita kuweka wakala kwenye seva mbili za maghala ya Kiritiri, na wakala hao waliripoti kwa mashine iliyo kando ya kitanda Karurumo. Ikianguka hiyo, wazee wa Kiritiri wangeona ukuta mweupe wa projekta, na ilijulikana kwamba kampuni nyingine kutoka Nairobi ilikuwa imeomba kazi hiyo hiyo, yenye watu wa tai. Kendi alikuwa ameacha kazi ya mshahara kwa ajili ya siku ile.

"Baba, wewe kaa hapa uangalie mistari," aliniambia akifunga viatu. "Ukiona jambo, piga."

"Nitakaa kama jiwe."

"Mawe hayasimulii hadithi, baba. Kaa tu."

Wakaondoka asubuhi. Majirani nao walikuwa wamekwenda mazishini. Kijiji kizima kilibaki kuku, Ruguru, na mimi. Mistari ilikuwa inashuka vizuri. Ghala la kwanza, niko. Ghala la pili, niko. Mama, niko. Jua likapanda juu ya mabati. Halafu kidonge changu cha chapati kikapiga kelele.

Mama ana joto.

Nikaangalia. Joto lilikuwa linapanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka, kwa sababu anajua atafika. Nikapunguza kazi za mashine kutoka kwa laptopu. Likapanda. Nikampigia Kendi. Haipatikani. Mwaniki, haipatikani. Walikuwa wamezima simu kwa heshima, wako mbele ya wazee. Na kwenye mistari niliona Kendi ameshaingia: ameanza kuwaonyesha.

"Mama Mwaniki!" nikaita. "Hebu njoo!"

Akaja akipangusa mikono. Nikamwambia mashine ya chumbani inaungua kwa joto, kama ina feni sijui imezibwa na nini.

"Imefunikwa?" akauliza.

"Ifunikwe na nini?"

Akatazama chini. "Nilimshonea Kendi kitambaa. Kile kikubwa cha kroshia, chenye waridi. Nikamwambia afunike hiyo mashine yao, hiyo kama tivi, si vizuri kitu cha bei kukaa uchi. Jana nilimuuliza kama amekiweka. Akasema leo atakiweka kabla ya kutoka."

Sasa mtu wa Nairobi hawezi kuelewa hili. Huku kwetu, kila kitu chenye heshima kina kitambaa. Redio ina kitambaa, kochi lina kitambaa, friji ina kitambaa na juu yake maua ya plastiki. Kendi anajua joto la mashine kuliko mimi. Lakini mama mkwe ameshona kwa mkono wake na ameuliza, utamwambia nini? Aliifunika mashine akijua ni asubuhi, kuna baridi, atarudi mchana. Heshima ndiyo iliyokuwa inaipika seva.

"Ingia ukitoe," nikamwambia.

"Mimi?" Akarudi nyuma. "Chumba cha mwanangu? Na kitanda chake? Baba Kendi, umeamka vizuri?"

"Wewe si ulisema mila ni giza?"

"Hii si mila. Hii ni adabu. Ingia wewe, si ndiye fundi."

"Mimi ni baba wa mke!"

"Basi tuombe."

Tukasimama wazee wawili mbele ya pazia. Hakukuwa na kufuli wala mlango uliofungwa. Kulikuwa na kitambaa kinapepea, na ng'ombe dume asingetuvuta tupite. Laptopu ikapiga kelele tena.

Ruguru ndiye aliyepata wazo. Akaenda nyuma ya nyumba akaleta mti mrefu wa kuangulia avokado, wenye ndoano ya waya kwenye ncha. "Dirishani," akasema. Dirisha la chumba lilikuwa wazi kidogo, lina vyuma na pazia. Tukaupitisha mti kati ya vyuma, yeye akisukuma, mimi nikielekeza, wote tumegeuza nyuso kando kama watu wanaooga mtoni.

"Kulia, mama."

"Kulia kwako au kwangu?"

"Sasa tuna kulia mbili?"

Ndoano ikashika kitu. Akavuta kwa nguvu zote za mama wa kanisa. Halikuwa kitambaa cha seva. Lilikuwa pazia la dirisha. Likaja na fimbo yake, likatuangukia. Chumba kikawa wazi mbele yetu, na jua likaingia ndani kabla yetu.

Tuligeuka haraka. Lakini jicho ni mwizi. Linaiba kabla hujalikataza.

"Mimi sijaona kitu," Ruguru akasema.

"Hata mimi."

Hatukutazamana. Sebuleni laptopu ililia mfululizo. Nikajua joto likifika mahali fulani mashine itajizima yenyewe, kule Kiritiri Kendi atakuwa amenyoosha kidole kwenye ukuta usio na kitu, na watu wa tai watacheka na vikombe vya chai mkononi.

Niliingia.

Niliingia nikiwa nimevua kofia, kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme. Nilijua mahali mashine ilipo kwa kufuata waya wangu. Nikakivuta kitambaa kile cha waridi, na chini yake Kendi alikuwa ameweka blanketi kwanza, ili waridi zisichafuke. Mashine ilipumua. Ilitoa hewa ya moto kama mdomo wa ng'ombe. Feni ikaanza kupiga kelele. Nikasimama nikiipepea kwa kofia yangu, uso ukutani, na ukutani hapo hapo ndipo jambo lenyewe lilipokuwa.

Kando ya seva kulikuwa na godoro jembamba limekunjwa, limefungwa kamba. Juu yake blanketi la kiume. Viatu vya Mwaniki vimepangwa, Biblia yake, wembe wake, chaja yake ya simu. Na kule kitandani, kulikotandikwa vizuri, kulikuwa na mto mmoja.

Sikutaka kuelewa. Lakini mimi nimeoa, nimezika. Najua godoro lililofungwa kamba halifungwi kwa siku moja. Na nikaelewa pia kwa nini mashine ilitakiwa kukaa pale. Mtu anayelala chini hupenda kitu chenye taa.

Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Kwenye kioo cha mashine niliona amri za Kendi zikipita: seva ya ghala la kwanza, anza upya. Wakala akatii. Ghala la pili, weka toleo jipya. Wakala akatii. Binti yangu alikuwa Kiritiri anang'aa mbele ya wazee, na mimi nilikuwa chumbani kwake nikiwa sistahili kuwa hai.

Walirudi jioni wakiimba garini. Wamekubaliwa. Mwenyekiti wa ushirika, Njoka fulani, aliwapa nyama ya mbuzi ya kubeba. Kendi alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo hajafanya tangu tumzike mama yake.

"Mistari ilikuwa sawa, baba?"

"Kulikuwa na joto kidogo," nikasema. "Likapoa."

Ningenyamaza hapo. Nataka muelewe kwamba ningenyamaza. Nilikuwa tayari nimeandaa uongo mzuri, una kuku ndani yake, aliyeruka dirishani akaangusha pazia. Lakini Ruguru aliweka kikombe chini.

"Baba Kendi ameingia chumbani," akasema. "Mimi nilikuwa nje."

Nyama ikakosa ladha midomoni mwetu. Mwaniki aliinua macho polepole. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza swali moja tu.

"Ulifika mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka kwa mashine."

Alijua mashine iko kando ya nini. Akasimama, akatoka nje, hakurudi mezani. Mama yake akaanza kueleza kwamba jambo hili si dogo, kwamba hata waliookoka wanajua chumba cha ndoa ni cha ndoa, kwamba kwa kawaida aliyeingia huleta kondoo dume, wazee wanakaa, yanasemwa, yanakwisha. Alisema haya bila kunitazama usoni. Yule mama naye alikuwa ameona kupitia dirisha. Alikuwa anamfunika mwanawe kwa kitambaa kikubwa kuliko cha waridi, na mimi ndiye niliyekuwa uzi.

"Kondoo si shida," nikasema. "Kesho nitamleta."

Kendi aliniambia twende nje kwenye tangi. Alifungua maji akaanza kuosha sahani zilizokuwa safi.

"Umeona," akasema.

"Nimeona kompyuta. Ina vumbi, mwambie mumeo…"

"Baba."

Nikachukua sahani moja, nikaipangusa.

"Utamwambia nani?"

"Mimi? Nimwambie nani! Kendi, mimi ni baba yako."

"Ndiyo maana nauliza." Maji yalikuwa yanamwagika mkononi mwake, hayafungi. "Wewe huwezi kukaa na kitu. Kila unachokiona unakifanya hadithi. Mama alipokuwa mgonjwa, ulisimulia Kanyakine nzima ati daktari alimpima akakuta redio tumboni, inashika Kisumu."

"Nilitaka acheke."

"Najua."

"Na alicheka!"

"Alicheka mbele yako." Akafunga bomba. "Ukienda shambani aliniambia, 'Baba yako ameuza hata kufa kwangu.'"

Nimeanguka kutoka kwenye milingoti miwili maishani, na hii ni kweli, makovu yapo. Sijawahi kuanguka umbali kama ule.

"Hiyo sitasimulia," nikamwambia. "Naapa kwa kaburi lake."

"Sisi tunajaribu, baba. Mwaniki na mimi. Tunajaribu, na haijulikani itaishaje. Ukiwa hapa kila siku, mezani, mimi nitakuwa nakuona ukijua. Yeye pia." Akapangusa mikono kwenye sketi. "Nenda nyumbani kesho. Nitakuwa nakupigia."

"Nitarudi na kondoo."

Akazipanga sahani upya. Mbwa wa jirani alibweka akanyamaza.

"Usilete kondoo, baba."

Kwa asiyejua, hayo ni maneno ya huruma: usihangaike, mzee. Lakini kondoo ndiye mlango. Akiletwa, yanakwisha, unapewa kiti, unakula. Anayekwambia usimlete hajakusamehe gharama. Amekwambia yasiishe.

Nilirudi Kanyakine na sufuria yangu. Kazi ya Kiritiri iliendelea vizuri, nasikia wakala sasa wamo kwenye maghala yote. Wameajiri msichana mmoja hodari. Aliuandaa uwanja wa majaribio upya kwa mpangilio wangu ule ule, na seva kubwa wakakodisha mahali fulani. Lakini ile mashine ya chumbani haikuzimwa, na kwenye laptopu yangu ufunguo wa kuingilia ulikuwa bado unafanya kazi. Kwa hiyo kila dakika, hapa jikoni kwangu, wakala aliniletea habari: niko. Joto la kawaida. Niko. Sikuwahi kugusa kitu. Nilikuwa nakunywa chai tu nikiutazama huo mstari. Simu za Jumapili zilikuwa zimerudi kwenye ng'ombe.

Halafu Jumapili moja akasema, "Baba, Mwaniki ameona bado unaingia."

"Siingii. Naangalia kama mashine ina joto."

"Toa ufunguo wako."

"Si mnaweza kuutoa huko huko? Ni amri moja."

"Nataka uutoe wewe."

Nikafungua laptopu, simu ikiwa sikioni, naye akingoja. Nikaandika. Mashine haikuuliza mara mbili. Ile sehemu ya kuuliza mara mbili tuliiondoa wakati wa majaribio, ilikuwa inatuchelewesha. Mstari ukasimama.

"Umekula?" akauliza.

"Nimekula."

Jirani yangu Mutwiri hunijia jioni na wenzake, wanataka hadithi. Wamesikia upepo kwamba nilifukuzwa Karurumo kwa kuingia chumba cha mkwe. "Hebu sema, mzee, ulikuta nini huko?" Nawaambia nilikuta chui. Chui amelala kitandani, amevaa miwani, anasoma barua za benki. Wanapiga magoti yao kwa mikono. "Na akasema nini?" Akaniambia, mzee, bisha hodi. Wanacheka mpaka wanakohoa, na kila wiki chui anaongezewa kitu, sasa ana mke na anadaiwa karo.

Ninyi nimewaambia la godoro. Kendi alikuwa sawa juu yangu, siwezi kukaa na kitu. Lakini juzi nililijaribu hata kwa Mutwiri, baada ya chui, kwa sauti ya chini, neno kwa neno kama lilivyokuwa: kamba, viatu, mto mmoja. Akanitazama kidogo, akacheka, akanipiga begani.

"Hiyo haina ladha, mzee," akasema. "Rudisha chui."

Sijui kama lile godoro limefunguliwa kamba. Hakuna wakala wa kuniambia.